MKOJO HULETA HABARI ZA FIGO



Leo tutajifunza juu ya figo. Tutajifunza pia namna wataalamu wanavyotia rangi chembe ndogo sana zilizomo katika mkojo, ili wajue figo zinaumwa nini. Somo lina maneno machache mapya. Msiyaogope. Tutayaeleza moja moja, na mwisho wa somo tumeyaandika tena.

Wengi wetu tukiambiwa "leta mkojo upimwe" hufikiria kichocho, au mimba, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Ni kweli, mkojo hupimwa kwa mambo hayo. Lakini mkojo umetoka wapi? Umetoka kwenye figo. Kwa hiyo mkojo ni kama barua kutoka kwa figo. Anayejua kusoma barua hiyo atajua hali ya aliyeituma.

Figo ni nini?

Kila mtu ana figo mbili. Ziko upande wa mgongoni, karibu na mbavu za chini, moja kila upande. Kila figo ni kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Kazi yake kubwa ni kuchuja damu. Huchuja usiku na mchana, hata tukiwa tumelala.

Kwa siku moja figo zetu huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu. Piga hesabu: hayo ni madumu 9 ya lita 20. Lakini mkojo tunaoutoa kwa siku ni lita moja na nusu hivi. Maji mengine yote yanakwenda wapi? Yanarudishwa mwilini, pamoja na vitu vyenye faida. Taka ndizo zinazotoka.

Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo kama milioni moja. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu. Juu ya mishipa hiyo zimekaa chembe hai za pekee. Chembe hizi zina miguu mingi midogo, na miguu hiyo imepishana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Maji na taka hupenya katikati ya miguu. Chembe za damu na protini hazipiti. Wataalamu huziita chembe hizi podosaiti. Sisi katika somo hili tutaziita chembe za miguu.

Mfano wa kifumbu

Sote wa pwani tunakijua kifumbu, hata kama siku hizi wengi wanatumia chujio la plastiki. Mama akishakuna nazi, hutia maji na kukamua kwa kifumbu. Tui linapita, machicha yanabaki. Figo hufanya kazi kama hiyo.

Sasa tuseme kifumbu kimechakaa. Utajuaje? Kwanza utaona machicha ndani ya tui. Hapo utajua pana tundu. Lakini tundu hilo ni la jana au la mwaka jana? Machicha hayawezi kukuambia. Ukitazama vizuri na kuona nyuzi za ukili zinaelea ndani ya tui, hiyo ni habari nyingine. Nyuzi hizo ni za kifumbu chenyewe. Maana yake kifumbu kinafumuka sasa hivi, mkononi mwako.

Tafadhali kumbuka mfano huu, kwa sababu ndio somo lenyewe. Protini katika mkojo ni kama machicha katika tui. Chembe za miguu katika mkojo ni kama nyuzi za ukili. Protini inasema: "Kichujio kina tundu." Chembe za miguu zinasema: "Kichujio kinaendelea kufumuka."

Tena kuna jambo la kutisha kidogo. Chembe za miguu zikishatoka, mwili hauwezi kuzirudisha kwa urahisi. Ngozi ikichubuka huota tena. Chembe hizi si hivyo. Kichujio kilichopoteza nyingi hugeuka kovu, na kovu halichuji.

Ugonjwa usiopiga hodi

Kwa nini watu wengi huchelewa kutibiwa figo? Kwa sababu mara nyingi figo zinaharibika bila kuuma. Mtu analima, anauza samaki Feri, anaendesha bodaboda, naye hana habari. Vichujio ni vingi, kwa hiyo vinavyobaki vinafanya kazi ya vile vilivyokufa. Siku mtu anapoanza kuvimba uso asubuhi na miguu jioni, kukosa hamu ya kula, kutapika na kuishiwa nguvu, huenda vichujio vingi vimekwisha.

Hapo nyumbani husemwa: "Karogwa huyu." Wengine husema: "Kakanyaga kitu kibaya." Wiki zinapita, fedha zinakwisha, figo nazo zinakwisha.

Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi waliofanya Moshi, mjini na vijijini. Katika kila watu wazima 100, karibu 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Vijijini walikuwa 2 katika kila 100. Mjini walikuwa 15 katika kila 100. Tena wengi wao hawakujua kabisa kama wanaumwa.

Hesabu hiyo ni ya Moshi. Lakini sisi wa Chamazi, Toangoma, Mbagala, Bunju na Mabwepande tuifikirie vizuri. Tunakaa pembeni mwa jiji. Mguu mmoja uko shambani, mguu mwingine uko mjini. Shinikizo la damu na kisukari vimekwisha ingia katika mitaa yetu, na magonjwa hayo mawili ni maadui wakubwa wa figo. UKIMWI nao huweza kuharibu vichujio. Kichocho kisipotibiwa huweza kuziba njia ya mkojo mpaka figo zikaumia. Na wale wanaomeza dawa za maumivu kila siku bila kumwuliza mganga wa hospitali, hao pia wanazichosha figo zao.

Askari wa mwili

Sasa tufike kwenye kutia rangi. Kwanza tujifunze neno kingamwili.

Mtoto akichanjwa chanjo ya surua, mwili wake hutengeneza askari wa kupambana na surua. Askari hao ni kingamwili. Kila kingamwili hushika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Kingamwili ya surua haishiki pepopunda. Ya pepopunda haishiki surua.

Basi wataalamu waliona kwamba askari huyu anaweza kutumwa kazi nyingine. Wewe mwenyewe umekwisha kuona kazi yake, ila hukuambiwa. Ukienda zahanati na homa, mhudumu hukutoboa kidole na kudondosha damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya dakika chache mstari unaonekana. Mstari huo umechorwa na kingamwili zilizokamata alama ya vijidudu vya malaria. Kipimo cha mimba cha mkojo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Na ile rangi nyekundu ya mstari, mara nyingi inatokana na vipande vidogo mno vya dhahabu vilivyofungwa kwenye kingamwili! Ni vidogo kiasi kwamba hakuna sonara atakayevinunua.

Kila chembe hai nayo ina alama zake juu ya ngozi yake. Fikiria daladala za Dar es Salaam. Zina mistari ya rangi kuonyesha njia. Aliyezoea akiona mstari hujua gari hili linakwenda wapi, hata kabla kondakta hajaita. Chembe za miguu zina alama zao. Chembe za mifereji ya figo zina zao. Chembe nyeupe za damu zina zao. Kazi ya mtaalamu ni kumtuma askari anayeijua alama moja, huku amembebesha taa.

Askari hao wanapatikana wapi? Wataalamu humdunga sungura au panya kitu kilichotoka kwenye chembe wanayoitafuta. Mwili wa mnyama hukiona kitu hicho ni kigeni na kutengeneza kingamwili. Wataalamu huzitenga kingamwili hizo kutoka kwenye damu yake, kisha huzifunga rangi.

Kazi inavyofanyika

Hizi ndizo hatua zake:

1. Mgonjwa hutoa mkojo katika kikopo safi. Mkojo uwe mbichi, kwa sababu chembe hufa upesi zikikaa ndani ya mkojo.

2. Mkojo hutiwa katika kichupa chembamba na kuzungushwa kwa kasi na mashine. Chembe hushuka chini, kama mchanga unavyotulia chini ya ndoo ya maji ya kisima.

3. Maji ya juu humwagwa. Mashapo ya chini hutandazwa juu ya kipande cha kioo.

4. Hutiwa dawa ya kuzikausha na kuzishikilia chembe pale pale.

5. Hudondoshwa kingamwili zenye rangi. Mtaalamu husubiri.

6. Kioo huoshwa. Kingamwili iliyokosa cha kushika huondoka na maji. Iliyoshika alama yake hubaki.

7. Kioo hutazamwa gizani kwa hadubini ya pekee. Chembe zilizoshikwa hung'aa, mara nyingi rangi ya kijani, kama vimulimuli usiku. Mtaalamu huzihesabu.

Zikiwaka chembe za miguu, ni kusema kichujio kinafumuka. Zikiwaka chembe za mifereji, mifereji ya figo imeumia. Zikiwaka chembe nyeupe za aina fulani, huenda askari wa mwili wamegeuka na kuishambulia figo yenyewe. Magonjwa haya hayatibiwi kwa dawa moja. Ndiyo maana kujua ni chembe ipi kunaweza kuokoa figo.

Nani walianzisha kazi hii?

Mwaka 1941, huko Boston, Marekani, daktari Albert Coons na wenzake walifaulu kufunga rangi yenye kung'aa kwenye kingamwili. Kabla ya hapo watu walikuwa na hadubini na walikuwa na rangi, lakini rangi zilipaka vitu vingi kwa pamoja. Coons alipata rangi inayochagua.

Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, bila kikomo. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Niels Jerne. Vipimo vingi vya haraka vya siku hizi vinatumia kingamwili zinazotengenezwa kwa njia yao.

Katika miaka ya 1990 madaktari wa Japani walitia rangi chembe za mkojo wa watoto wenye ugonjwa wa figo. Waliona chembe za miguu. Walipopima mkojo wa watoto wazima wa afya, hawakuziona. Ndipo habari ya nyuzi za kifumbu ikaanza kufuatwa na wengi.

Na Afrika imo katika habari hii. Mwaka 1970 mgonjwa mmoja, mtu wa Sudan, alikuwa akitibiwa London baada ya kupandikizwa figo. Madaktari waliona chembe za ajabu katika mkojo wake, na katika mkojo huo wakakuta virusi ambavyo havijapata kujulikana. Habari ilitangazwa mwaka 1971. Virusi vikaitwa BK, kwa herufi za mwanzo za jina la mgonjwa huyo. Leo inajulikana kuwa watu wengi wanavyo, ila vimelala. Mtu akipandikizwa figo hupewa dawa za kupunguza nguvu ya askari wa mwili, ili wasiikatae figo mpya. Hapo virusi vya BK huweza kuamka na kuiharibu. Kwa kutia rangi chembe kwa kingamwili, wataalamu huweza kuthibitisha kuwa virusi hivyo vimo.

Jambo hili si la nchi za mbali tu.  Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza hapa Tanzania. Kabla ya hapo wagonjwa walisafirishwa nje, hasa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Kwa hiyo leo wako ndugu zetu wanaoishi kwa figo walizopewa na jamaa zao. Figo hizo zinahitaji kulindwa, na mkojo ni mmoja wa walinzi.

Faida na mipaka

Kwa kawaida, daktari akitaka kujua hasa figo inaumwa ugonjwa gani, huchoma sindano mgongoni na kuchukua kinofu cha figo. Kazi hiyo inafaa sana, lakini inataka mtaalamu, na mgonjwa huweza kutoka damu. Haiwezi kufanywa kila wiki. Mkojo hauna sindano. Unaweza kupimwa leo, wiki ijayo na mwezi ujao, ili kuona kama dawa inasaidia.

Lakini tusidanganyane. Kutia rangi chembe za mkojo si kipimo cha zahanati. Kinataka hadubini ya bei kubwa, mkojo mbichi na mtu aliyefunzwa. Sehemu kubwa ya kazi hii bado iko mikononi mwa watafiti na hospitali chache kubwa duniani, na kinofu cha figo bado ndicho kinachotoa jibu kamili. Kwa hiyo akitokea mtu mtaani na begi lake akisema, "Mimi napima chembe za figo kwa mkojo, toa fedha, jibu hapa hapa," mwulize maabara yake iko wapi. Kisha funga mfuko wako.

Sisi tufanye nini?

Tunacho kipimo chetu cha karibu. Ni kijiti chenye karatasi za rangi. Huchovywa katika mkojo, na rangi ikibadilika huonyesha protini, damu au sukari. Akina mama wanakijua kijiti hiki kutoka kliniki ya wajawazito. Hupimwa protini ili kifafa cha mimba kigunduliwe mapema. Hicho ndicho kipimo cha machicha. Hakisemi kila kitu, lakini kinasema mapema.

Someni mazungumzo haya. Mume na mke wanazungumza nyumbani kwao.

Mke: Baba watoto, uso wako umevimba tena leo. Twende tukapime mkojo.

Mume: Mama watoto, mimi siumwi kiuno wala mgongo. Figo zangu nzima.

Mke: Figo haziumi mpaka zichakae. Tumesoma kwenye gazeti.

Mume: Na mkojo wangu nimpe mtu nisiyemjua? Akienda kunifanyia mambo je?

Mke: Mbona mimi nimetoa mkojo kliniki mimba zote nne? Nani kanifanyia mambo? Wakishapima wanamwaga.

Mume: Na wakikuta ugonjwa?

Mke: Wakiukuta mapema kuna dawa. Wakiukuta mwishoni kuna mashine ya kusafisha damu, mara mbili tatu kila wiki. Nauli peke yake tutaitoa wapi?

Mume: Haya, mama. Kesho asubuhi twende.

Mama huyu hakutukana wala hakugomba. Alijibu hofu moja baada ya nyingine. Nasi tufanye hivyo kwa jamaa zetu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji:

– Ukiwa na shinikizo la damu, kisukari, au ndugu wa damu aliyeugua figo, omba mkojo wako upimwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huumwi.

– Ukiona mkojo una povu lisiloisha upesi, au una rangi ya damu au ya chai ya rangi, usingoje. Nenda zahanati au kituo cha afya. Wakiona lazima, watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya Temeke au Mwananyamala, na kutoka huko Muhimbili.

– Usimeze dawa za maumivu siku nyingi mfululizo bila ushauri. Na dawa za miti shamba unazokunywa, mtajie daktari bila kuona haya.

– Meza dawa zako za shinikizo au kisukari kila siku, hata siku unayojisikia vizuri.

Machicha yakionekana kwenye tui, mpishi mwenye akili hakifichi kifumbu. Hukitazama siku hiyo hiyo.

MASWALI

1. Figo huchuja lita ngapi za maji ya damu kwa siku? Hayo ni madumu mangapi ya lita 20?
2. Protini katika mkojo inafananishwa na nini? Chembe za miguu je?
3. Kwa nini mkojo wa kutiwa rangi lazima uwe mbichi?
4. Kwa nini kioo huoshwa baada ya kudondoshewa kingamwili?
5. Taja magonjwa matatu yanayoweza kuharibu figo.
6. Mume katika mazungumzo alikuwa na hofu gani? Wewe ungemjibuje?

KAZI YA KUFANYA

Soma mazungumzo kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani, mmoja awe mume na mmoja awe mke. Kisha andika majina ya watu wa nyumbani wenye umri wa kupimwa shinikizo na mkojo, na tarehe ambayo kila mmoja atakwenda.

MANENO MAPYA

Chembe hai: kipande kidogo kabisa cha mwili chenye uhai.
Hadubini: chombo cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho, wengine huita darubini.
Kingamwili: askari wa mwili anayeshika kitu kimoja tu.
Mashapo: vitu vizito vinavyotulia chini ya maji.
Podosaiti: chembe ya miguu katika kichujio cha figo.
Protini: chakula cha kujenga mwili, kama kile kilicho katika ute wa yai; nayo imo katika damu.